Ukimpata wa Kumshonea, Mwache Akukatalie

Alitoka nyuma ya pazia akiwa amelivaa, akajitazama kwenye kioo, akageuka, akajitazama tena kwa mgongoni. Kisha akasema kwa upole kabisa: "Fundi, gauni zuri. Lakini hili ni lako, si langu." Akarudi nyuma ya pazia kulivua.

Nilikuwa nimelishona kwa siku 17. Shanga za kifuani nilizitunga kwa mkono, moja moja, nikiwa na hakika kwamba siku ya kujaribisha atatokwa na machozi ya furaha. Aliyetokwa na machozi ni mimi, tena baada ya yeye kuondoka, nimekaa sakafuni nafumua bitana. Huo ulikuwa mwaka wetu wa pili. Sasa tumefikisha miaka 14, mimi na mwigizaji huyo, na kila nikikumbuka tulikoanzia sioni ile siku aliyokuja mara ya kwanza na picha aliyoikata gazetini. Naiona siku ya shanga.

Vijana wanaoanza kubuni mavazi huniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: nitampataje nyota wa filamu awe wangu? Karibu wote hutaja mfano mmoja, mbunifu wa Ufaransa Hubert de Givenchy na mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn. Wanatamani mtu ambaye ukishika mkasi unamwona yeye, na yeye akivaa, watu wanajua mara moja mkono ni wa nani. Hamu hiyo naielewa, hata mimi nilikuwa nayo. Shida yangu ni jinsi wanavyoisimulia hadithi yenyewe: eti mbunifu alimwona binti mrembo, akapagawa, akamvisha, dunia ikashangilia. Haikwenda hivyo.

Mwaka 1953 Givenchy alikuwa na miaka 26. Alikuwa amefungua nyumba yake ya mitindo mjini Paris mwaka mmoja tu kabla, baada ya kujifunza kazi kwa wakubwa kama Jacques Fath na Elsa Schiaparelli. Fedha zilikuwa za kuungaunga. Katika mkusanyiko wake wa kwanza alitumia pamba nyeupe ya kawaida, ile ya mashati, na blauzi moja ya kitambaa hicho, iliyopewa jina la mwanamitindo Bettina Graziani, ndiyo iliyomtoa. Basi siku moja anaambiwa Bi Hepburn anakuja kumwona. Akajua ni Katharine Hepburn, nyota mkubwa wa Marekani, akajiandaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana mwembamba wa miaka 24, suruali fupi, viatu bapa, kofia ya ukindu mkononi. Audrey. Givenchy hakuwa akimjua.

Audrey alitaka nguo za filamu ya Sabrina. Givenchy akamwambia haiwezekani: yuko katikati ya mkusanyiko mpya na mafundi wake hawatoshi. Wengi wetu tungekuwa upande wa mteja tungeshanuna. Audrey akauliza kama anaweza kujaribu nguo zilizokwisha shonwa, za msimu uliopita, zilizotundikwa tu pale. Akaruhusiwa. Akachagua mwenyewe.

Hapo ndipo ninapowasimamisha vijana. Kumbe katika siku ya kwanza ya urafiki unaosifiwa kuliko wote katika fani yetu, mbunifu ndiye aliyekataa, na mteja ndiye aliyechagua. Hakuna aliyepagawa. Gauni jeusi alilolichukua lilikuwa na shingo iliyokatwa moja kwa moja kutoka bega hadi bega, yenye vifundo viwili vidogo juu ya mabega. Audrey alikuwa na mitulinga, ile mifupa ya chini ya shingo, iliyotokeza, na shingo ile ya gauni iliifunika huku ikiyaacha mabega yake yaonekane. Alijua anachokifanya. Givenchy naye alikuwa na akili ya kuona kwamba binti huyu anaijua nguo yake kuliko aliyeishona, na hakuona haya kwa hilo. Mkato ule hadi leo mafundi wengi wanauita kwa jina la filamu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: usitafute mrembo, tafuta mtu anayeujua mwili wake na anayethubutu kukukatalia. Warembo wanaovaa chochote wapo tele. Watakusifu, watapiga picha, na kesho watamsifu mwingine kwa maneno yaleyale.

Kukataliwa nako kuna ufundi wake. Waigizaji hawazungumzi lugha ya mishono. Wangu hakuwahi kuniambia "punguza kwapa" au "shusha kiuno". Huniambia "linanitangulia mlangoni", na ilinichukua muda kuelewa kwamba maana yake nguo ina mambo mengi, itaonekana kabla yake. Akisema "linaniogopa", nimeacha nafasi kubwa mno, kitambaa hakimgusi. Akisema "nikivaa hili siwezi kukasirika", nakwenda moja kwa moja kwenye mikono na mgongo, kwa sababu mtu mwenye hasira hupanua mabega, na nguo iliyobana katikati ya mgongo humzuia. Nina daftari la maneno yake. Lina kurasa nyingi kuliko daftari la vipimo, na ningelazimika kuchagua moja la kuokoa kwenye moto, ningeacha vipimo viungue, maana hivyo naweza kuvichukua upya.

Siku za mwanzo nilikuwa na ugonjwa wa kurekebisha. Bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Mimi, kwa kuringia ujuzi wangu, nikawa naweka pedi upande huo ili yalingane. Filamu ya tatu alicheza mwanamke aliyebeba mizigo tangu utotoni. Akanishika mkono nilipokuwa naibandika ile pedi. "Liache bega lilivyo, fundi. Nimeliandaa hivyo." Nikaitoa, na nguo nzima ikakaa kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria: pindo likalala kwa mshazari, kola ikasogea, na kabla hajatamka neno ukawa umeshamjua yule mwanamke. Tangu siku ile nasoma mswada wa filamu kwanza, ndipo nachukua futi.

Adrian, aliyekuwa akibuni mavazi ya filamu Hollywood miaka ya 1930, alikabiliana na jambo kama hilo kwa mwigizaji Joan Crawford, aliyekuwa na mabega mapana. Badala ya kuyaficha, aliyakuza. Katika filamu ya Letty Lynton ya mwaka 1932 alimvisha gauni jeupe lenye marinda makubwa mabegani, na wanawake Marekani wakakimbilia madukani kutafuta linalofanana nalo. Yaani kile ambacho fundi mwoga angekiita kasoro ndicho kilichogeuka mtindo. Sisemi kila kasoro ikuzwe. Audrey aliificha mitulinga yake, Crawford akayaonyesha mabega yake, na wote walipatia. Mwenye mwili ndiye anayejua amesimama wapi, wewe kazi yako ni kumuuliza kabla hujakata.

Kuna mambo ya kwenye upigaji wa filamu ambayo hakuna anayekufundisha mpaka uaibike, nayo nayataja kwa kupita. Nguo ya filamu si ya kusimama. Mwambie akae, ainame, apande ngazi, ainue mikono yote miwili, akumbatie mtu. Vitambaa vinavyochakarika, kama tafeta, ni adui wa fundi sauti. Niliwahi kupeleka sketi ya namna hiyo kwa onyesho la kunong'ona, kila akipumua kipaza sauti kikasikia sketi, tukapoteza asubuhi nzima mimi nikishona bitana ya pamba ndani yake huku watu 30 wakinitazama. Na usishone nguo moja. Itachafuka, itararuka, itahitajika ikiwa mbichi na ikiwa imechakaa siku hiyohiyo. Hata lile gauni jeusi refu la Audrey katika filamu ya Breakfast at Tiffany's, ya 1961, halikuwa moja tu. Moja kati yake liliuzwa mnadani Christie's, London, Desemba 2006, kwa pauni 467,200, na fedha zikaenda kusaidia maskini wa India.

Sasa jambo la jina, ambalo limenigharimu kuliko mengine yote.

Sabrina ilipotoka mwaka 1954, jina la Givenchy halikuwemo katika orodha ya majina kwenye skrini. Mbunifu wa studio alikuwa Edith Head, na tuzo ya Oscar ya mavazi aliipokea yeye. Ndivyo studio zilivyokuwa zikifanya kazi, na Edith Head naye alikuwa fundi mkubwa, sitaki kumfanya mwizi. Lakini fikiria uko Paris, umekaa kwenye kiti cha sinema, unaziona nguo zako na huoni jina lako. Tofauti ya Givenchy na wengi wetu ni kwamba alikuwa na Audrey. Kufika filamu ya Funny Face, mwaka 1957, jina lake lilikuwemo, na walipoteuliwa kwa tuzo ya mavazi waliteuliwa wote wawili, Edith Head na Hubert de Givenchy.

Yangu yalinikuta kwenye filamu yetu ya tano. Nilishona nguo zote za mhusika mkuu, nguo 22. Usiku wa uzinduzi nikakaa mpaka taa zikawashwa, nikisoma majina yanayopanda. Yupo dereva, yupo mpishi, yupo aliyeazimisha mbwa. Mimi simo. Mtayarishaji, ambaye sitamtaja, alinijibu kwamba nguo ni mali ya mwigizaji, nimtafute huyo. Na nikisema kweli, hakukuwa na karatasi yoyote ya kunitetea. Nilikuwa nimeona aibu kuandikishana na rafiki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yeye hakujua. Alidhani jambo hilo limeshamalizwa, kama nilivyodhani mimi. Tulinuniana miezi minne kwa kosa la mtu wa tatu. Alipokuja hatimaye, alikuja na karatasi mkononi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu: jina langu liandikwe vipi, litokee wapi kwenye filamu, nguo ni za nani upigaji picha ukiisha, nani anaruhusiwa kuzigusa kwa mkasi mimi nisipokuwepo, na picha za matangazo zitumike kwa masharti gani. Mambo matano, ukurasa mmoja. Tangu hapo hasaini mkataba wa filamu kabla ukurasa huo haujaingizwa. Wewe usingoje miezi minne. Zungumzeni hayo siku mnayopatana kitambaa, wakati bado mnacheka. Na usisahau lile la mkasi: niliwahi kukuta mikono ya gauni imekatwa na mtu wa mavazi wa pale filamu ilipopigwa kwa sababu siku hiyo kulikuwa na joto.

Fedha ni mada ya karibu na hiyo, lakini si ileile. Mwaka 1957 nyumba ya Givenchy ilitoa manukato ya L'Interdit, yaliyotengenezwa kwa ajili ya Audrey, na uso wake ndio uliotumika kuyatangaza. Watu wanalipenda simulizi hilo kama uthibitisho kwamba kati ya marafiki hakuna hesabu. Mimi nalisoma vingine. Hawa walikuwa watu wawili waliokwisha kujijenga, kila mmoja ana kazi yake na chakula chake, ndipo wakapeana. Zawadi hutoka kwa mwenye nacho. Mimi nilianza na kinyume chake: miaka miwili ya kwanza sikumtoza chochote, nikijiambia ni kwa mapenzi ya kazi, kumbe moyoni nilikuwa naweka deni. Kila akionekana kwenye zulia jekundu na nguo yangu nilijipigia hesabu ya kile anachonidai, naye hana habari kwamba anadaiwa. Hilo ni jambo baya kumfanyia mtu. Siku hizi namtoza kazi zote za filamu, kwa bei yangu ileile ninayomtoza yeyote, na mara moja kwa mwaka namshonea nguo moja ya bure, siku ya kuzaliwa kwake, bila yeye kuagiza. Anajua ipi ni ipi. Nami najua.

Halafu kuna wivu. Sijui kwa nini hatuuzungumzi, labda kwa sababu unatuonyesha udogo wetu. Mwaka wa sita alivaa kazi ya mbunifu mwingine kwenye tuzo kubwa, na mimi niliizima televisheni kama mtu aliyeachwa. Nilipotulia nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa na wateja wengine 40 ambao sikuwahi kumwomba ruhusa kuwashonea. Givenchy mwenyewe hakuwa na Audrey peke yake. Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wa Monaco, alipokwenda Ikulu ya Marekani mwaka 1961 alivaa kijani cha Givenchy, na Jacqueline Kennedy, mke wa Rais, pia alikuwa mteja wake. Siku hizi mwigizaji wangu akitaka kuvaa kazi ya mwingine huniletea nimtengenezee pindo. Mara nyingine nakuta mshono mzuri kuliko wangu, nikaugeuza kwa ndani nikausoma. Nimejifunza namna ya kufunga zipu ya ubavuni kwa njia hiyo, na sitasema kwa nani.

Kuhusu miaka kupita, makosa yangu hapa yamekuwa mabaya kidogo. Nilikuwa na mdoli wa kushonea niliyemtia pamba na vitambaa mpaka akalingana na vipimo vyake. Nilimpenda mno yule mdoli. Hachoki, habishani. Mwigizaji akajifungua watoto wawili, akaugua, akapona, akaingia miaka ya 40, na mimi bado nashona juu ya mdoli wa mwaka wa kwanza, kisha naongeza kidogo ubavuni. Alilivumilia hilo kwa muda mrefu. Mwishowe akaja siku ya kujaribisha, akamtazama mdoli pale pembeni, akauliza, "Huyu dada bado unamshonea?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa kweli namshonea huyo, binti wa miaka 28 asiyekuwepo tena, na huyu aliye hai nikawa namrekebishia mabaki yake.

Waliodumu walilijua hili. Mwigizaji wa Ufaransa Catherine Deneuve alikwenda kwa mbunifu Yves Saint Laurent mwaka 1965, akihitaji gauni la kukutana na Malkia Elizabeth mjini London. Miaka miwili baadaye mbunifu huyo alimvisha katika filamu ya Belle de Jour. Na Saint Laurent alipostaafu mwaka 2002, kwenye onyesho lake la mwisho, Deneuve alikuwepo na alimwimbia. Kati ya 1965 na 2002 ni miaka 37, hakuna mwili unaokaa palepale muda wote huo. Aliyevaa gauni la Malkia na aliyeimba siku ile si mwanamke yuleyule kwa kipimo cha futi. Mtu wa namna hiyo unamchukua vipimo kila mara kama mgeni, hata kama unajua atakachokunywa kabla hajakaa.

Mdoli nilimfumua. Pamba nikaijazia mto wa pini.

Kati ya yote yanayosimuliwa kuhusu Givenchy na Audrey, linalonishika ni la mwisho. Mwishoni mwa 1992 Audrey alikuwa mgonjwa wa saratani, yuko Los Angeles, anataka kurudi nyumbani Uswisi, na ndege ya abiria ingemchosha. Givenchy akampatia ndege binafsi kupitia rafiki yake, wakaijaza maua. Alifariki Januari 20, 1993, na Givenchy alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Kabla ya hapo, kama alivyokuja kusimulia Givenchy mwenyewe, Audrey alimpa koti la buluu, ili akiwa na huzuni alivae. Baada ya miaka 40 ya kuvishwa, mteja ndiye aliyemvisha fundi. Nililisoma hilo nikiwa kazini, nikaweka pasi chini.

Wangu yuko mzima, namshukuru Mungu, na mbishi kuliko zamani. Alhamisi anakuja kujaribisha koti la filamu mpya. Anacheza hakimu mstaafu. Nimelimaliza lote isipokuwa ubavu wa kushoto, ambao nimeubana kwa pini tu. Najua atasema kuna kitu hapo, na sijui ni kitu gani.